Msaada: kuhamisha mafaili kwenda akaunti mpya kwenye laptopu ya nyumbani bila kupoteza kitu

Kiberenge (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya Windows, sio kwa wanaokuja kunicheka.

Nyumbani tuna laptopu moja ya mtumba, Windows 11, diski ni SSD ya GB 256. Betri ilishakufa, kwa hiyo inakaa mezani sebuleni ikiwa imechomekwa muda wote na imegeuka kompyuta ya ukoo. Tangu tuinunue tunatumia akaunti moja wote watatu: mimi, mama watoto na kijana wetu wa kidato cha tano. Mama ana duka la vitenge, mahesabu yake yako kwenye Excel humo humo. Kijana ana notisi zake na magemu. Mimi nina picha na video za familia tangu enzi za simu za vitufe.

Sasa juzi kijana kafuta folda ya mauzo ya mama akidhani ni uchafu. Tuliikuta Recycle Bin, Mungu mkubwa. Kikao kikakaa, ikaamuliwa kila mtu awe na akaunti yake na pasiwedi yake. Nimefungua akaunti mpya, nikaiita "mama", kaingia... patupu. Desktop haina kitu, Documents haina kitu, Chrome haimjui. Kaniangalia kwa lile jicho.

Mafaili yapo kwenye akaunti ya zamani, nikirudi kule nayaona yote. Nikiyakata na kuyapesti kwenye akaunti mpya yatafunguka? Pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye Chrome zinahamaje? Na nikimaliza naweza kuifuta ile ya zamani? Folda yake nimeipima ina GB 118, na diski imebakiza GB 40 na ushee.

NgomaDroo

Mkuu, kijana wa kidato cha tano akitaka pasiwedi yake peke yake, hapo hakuna notisi 😂 Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

Mla Mihogo

Piga Windows upya, tengeneza akaunti tatu, kazi imeisha. Mtumba huo una takataka za watu.

Kiberenge

Mla Mihogo, na hizo GB 118 niziweke kwapani?

Mla Mihogo

Diski ya nje mkuu. Kwani huna?

Kiberenge

Ninayo ya GB 500, huwa tunaichomeka kwenye TV kuangalia muvi. Ila sitaki kupiga Windows upya, programu ya risiti ya mama aliyeiweka hapatikani tena.

Tausi wa Pwani

Kakangu Kiberenge, hujapoteza kitu, usimtie mama watoto presha bure. Kila akaunti ya Windows ina folda yake ndani ya C:\Users, na folda hiyo huundwa siku mwenye akaunti anapoingia mara ya kwanza. Desktop, Documents, Pictures, Downloads, zote zimo ndani yake. Mama kapewa C:\Users\mama, mpya kabisa, lazima iwe tupu. Ile ya zamani ipo pale pale, ubavuni mwake.

Kuhusu kukata: usikate. Ukikata faili na kulipeleka folda nyingine ndani ya diski hiyo hiyo, Windows haibebi kitu, inabadilisha tu anwani. Ndiyo maana GB 50 zinahama kufumba na kufumbua. Lakini kwa kawaida faili linaondoka na ruhusa zake za zamani. Mama atalibofya aambiwe hana ruhusa, na liko ndani ya folda yake mwenyewe! Likikopiwa linarithi ruhusa za pale lilipotua. Mimi nashughulikia kompyuta za ofisi fulani hapa Mombasa, na wafanyakazi wakibadilishana mashine, simu ninayopigiwa kuliko zote ni hii ya "siwezi kufungua faili langu mwenyewe".

Fundi Mstaafu

Dada Tausi kasema vyema. Mimi nina swali kabla hatujaenda mbali. Kiberenge, ile folda ya akaunti ya zamani ndani ya C:\Users inaitwaje? Na ukiwa ndani ya akaunti hiyo, bofya kulia folda ya Desktop, ingia Properties, kwenye Location pameandikwa nini?

Kiberenge

Inaitwa infok. Nilidhani ni mambo ya kiwandani. Location inasema C:\Users\infok\OneDrive\Desktop. Documents na Pictures nazo zina hilo neno OneDrive. Aliyeniuzia alinipa PIN tu, ndiyo tunayoingilia.

Fundi Mstaafu

Nilijua. Wakuu someni hapa, maana wenye laptopu za mtumba humu ni wengi.

Ukiwasha Windows mara ya kwanza ukaiingizia imeili ya Microsoft, inachukua herufi tano za mwanzo za imeili hiyo na kuzifanya jina la folda yako. Sasa "infok" sio jina la mtu wala la kiwanda, ni mwanzo wa imeili ya mtu. Kwa kukisia tu, ya huyo aliyeiandaa laptopu kabla ya kukuuzia. Hakufuta kitu, kaingiza imeili yake, kaweka PIN, kakupa PIN. PIN inafanya kazi kwenye mashine hiyo peke yake, kwa hiyo hujawahi kuijua pasiwedi yenyewe. Na OneDrive imewashwa kwa jina lake, inachukua Desktop, Documents na Pictures na kuzipandisha kwenye wingu lake.

OneDrive ya bure mwisho wake ni GB 5, kwa hiyo ilijaa mapema na kusimama. Lakini hizo GB 5 za mwanzo ziko kwake.

NgomaDroo

Kwa hiyo picha za harusi ya mkuu anazo muuza laptopu 😳

Kiberenge

Sio za harusi tu. Mahesabu ya duka, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho changu nilichoskani. Wakuu nimeishiwa nguvu. Huyu mtu nimpigie sasa hivi?

Fundi Mstaafu

Usimpigie kwanza. Akishtuka akabadilisha pasiwedi au akaanza kufuta vitu upande wake wakati laptopu yako bado imeunganishwa, kinachofutwa kule kinafutika na kwako. Toa mali yako kwanza, mazungumzo baadaye. Tena huenda hana habari kabisa, wengi wanafanya hivi ili tu wavuke ile skrini ya kuingiza imeili.

Nenda kwenye folda ya OneDrive ukiwa akaunti ya zamani uangalie zile alama ndogo pembeni ya mafaili. Duara la kijani lenye alama ya vema, faili lipo kwenye diski yako. Kiwingu cha bluu, faili halipo hapo, unachokiona ni jina tu na mwili uko kwenye mtandao. Hayo ndiyo yanayowaliza watu: wanakopi, wanatenganisha OneDrive, halafu ndipo wanagundua kuwa picha hazikuwahi kuwepo. Chagua folda zote, bofya kulia, bonyeza Always keep on this device, uziache zishuke. Kwa sababu mwisho ni GB 5 bando halitakuua.

Kitu cha pili, na hiki sitaki ukiruke. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama Administrator, andika:

manage-bde -status C:

Ikisema Protection On, diski yako imefungwa kwa usimbaji (encryption), yaani haisomeki bila ufunguo wake, na ufunguo wa dharura umehifadhiwa kwenye akaunti ya huyo bwana. Windows 11 za karibuni zinafanya hivyo zenyewe kimya kimya mtu akiingia na imeili ya Microsoft. Siku laptopu ikidai ufunguo huo utabaki unaangalia skrini ya bluu. Kwa hiyo andika pia:

manage-bde -protectors -get C:

Itakupa tarakimu 48. Ziandike kwenye daftari, sio kwenye laptopu hiyo hiyo.

Kiberenge

Protection On. Nimeandika zote 48, kijana akanisomea na mimi nikahakiki. Viwingu vilikuwepo vingi tu kwenye Pictures, vinashuka sasa.

Mla Mihogo

Nilisema mimi. Mtumba piga Windows chini siku ile ile unayonunua.

Tausi wa Pwani

Mla Mihogo hapo hukukosea, ila ushauri huo ni wa siku ya kununua. Leo mashine imeshabeba maisha ya watu, ukifika kwanza na kusema futa utamtia mtu kilio.

Kiberenge, wakati vinashuka, fungua akaunti moja zaidi iwe yako, na hiyo ndiyo uipe cheo cha Administrator. Settings, Accounts, Other users, Add account. Ikikuomba imeili, bonyeza pale panaposema huna taarifa za mtu huyu, kisha chagua Add a user without a Microsoft account. Mama na kijana wabaki watumiaji wa kawaida. Kijana akiwa Administrator hizo pasiwedi zenu ni pambo tu, maana Administrator anaweza kufungua folda ya yeyote. Na wewe vile vile utaweza kufungua ya kwao, mama alijue hilo kabla hajafurahi.

NgomaDroo

Kijana anasoma huu uzi sasa hivi na jasho linamtoka.

Kiberenge

Viwingu vimeisha, vyote kijani. Akaunti yangu nimeifungua, ni Administrator. Nikiwa humo nimebofya folda ya infok ikasema sina ruhusa, ikaniwekea kitufe cha Continue. Nibonyeze? Halafu nafasi: GB 118 haziingii kwenye 40.

Tausi wa Pwani

Bonyeza Continue, ndiyo njia yake. Inaliandika jina lako kwenye ruhusa za folda hiyo, basi.

Kuhusu nafasi, tumia ile diski ya TV. Kopi kila kitu kwenda kule, uhakikishe, ndipo uanze kugawa kutoka kule kuja kwenye akaunti mpya huku ukipunguza za zamani kidogo kidogo. Faida yake unakuwa na bakapu hata kabla hujaanza.

Ila toka kabisa kwenye akaunti ya infok, Sign out, sio kubadilisha mtumiaji tu. Ukiiacha wazi nyuma, Excel na wenzake wanakuwa wameshikilia mafaili na yatakataa kukopika.

Fundi Mstaafu

Naongezea. Usiibebe folda nzima ya infok ukaipesti juu ya folda ya mama. Humo kuna faili lililofichwa linaitwa NTUSER.DAT, ndiyo mipangilio yote ya akaunti ile, na kuna folda ya AppData, ambamo programu huweka vitu vyake, nusu yake ni takataka na nusu yake inamjua mwenyewe tu. Ukiyalazimisha kwenye akaunti nyingine unaweza kuiharibu ile mpya. Chukua Desktop, Documents, Pictures, Videos, Music, Downloads. Ya AppData tutayachagua moja moja.

Na kwa kuwa laptopu haina betri, usitumie kukopi na kupesti kwa mkono. Umeme ukikatika katikati hutajua kipi kimefika. Tumia robocopy, ni amri ya kukopi, imo ndani ya Windows tangu Vista, huhitaji kupakua kitu. Kwenye Command Prompt ya Administrator, chukulia diski ya nje ni E:

robocopy "C:\Users\infok\OneDrive\Documents" "E:\Hamisha\Documents" /E /XJ /R:1 /W:1 /TEE /LOG:E:\hamisha.txt

Umeme ukikatika, ukirudi bonyeza amri ile ile tena. Yaliyokwisha kufika inayaruka, inaendelea na yaliyobaki. /E inachukua folda zote za ndani hata zilizo tupu. /XJ inaikataza isiingie kwenye zile njia za mkato za ndani ya Windows zinazojizungusha zenyewe, ukiisahau kwenye AppData utakesha. /R:1 na /W:1 ni muhimu, kwa sababu usipoziandika, faili likigoma robocopy inajaribu mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara. Sitanii, ndivyo ilivyowekwa.

Mtu akikwambia weka /MIR, mwache. Hiyo inafuta kila kilichoko upande wa pili ambacho hakipo upande wa kwanza. Muvi zako zikiwa kwenye folda hiyo zimekwenda.

Penguini

Sisi wa Linux: cp -a, halafu sudo chown -R mama:mama /home/mama, chai haijapoa 😎

Fundi Mstaafu

Penguini karibu. Ukimaliza chai utufungulie ile programu ya risiti ya mama humo kwenye Linux.

Kiberenge

Documents na Desktop zimefika. Videos imegoma kwa faili moja, video ya send-off ya shemeji, GB 6. Ndogo zote zimepita. Nimejaribu kuikopi kwa mkono ikasema ni kubwa mno kwa mfumo wa mafaili wa diski hiyo. Na diski ina nafasi ya GB 300!

Tausi wa Pwani

Diski yako imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa mafaili, huenda aliipanga hivyo mtu wa TV. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata diski iwe tupu. Igeuze iwe NTFS, mfumo wa Windows yenyewe, bila kufuta kitu:

convert E: /fs:ntfs

Itakuuliza jina la diski, liandike kama lilivyo. Zuia watu wasiuguse waya hadi imalize. Hakikisha baadaye kama TV yako inasoma NTFS, nyingi zinasoma.

Kiberenge

Imekubali, send-off imepita. TV pia inaisoma, kijana kahakikisha kwa kuangalia muvi nzima.

Nimelinganisha idadi ya mafaili na ukubwa kwa Properties pande zote mbili, zinafanana. Nimeanza kurudisha: ya duka kwa mama, picha kwangu, notisi kwa kijana. Mama kafungua Excel yake, imefunguka, kasave, imekubali. Ruhusa hazijaleta shida hata moja. Sasa Chrome.

Tausi wa Pwani

Chrome usijaribu kukopi folda yake ukitegemea pasiwedi zije. Alama za tovuti zitakuja, pasiwedi hazitafunguka, kwa sababu Windows inazifunga kwa ufunguo wa akaunti ile ile zilimohifadhiwa. Firefox ndiyo inakubali, profaili yake ukiihamisha inakwenda na pasiwedi zake.

Kama mama alikuwa ameingia Chrome kwa Gmail yake mwenyewe, aingie tu kwenye akaunti mpya na kuwasha usawazishaji (sync), kila kitu kitamfuata. Kama hakuwa ameingia, rudi akaunti ya zamani, fungua Google Password Manager, Settings, kuna mahali pa kupakua pasiwedi kama faili la CSV. Unalipeleka akaunti mpya, unaliingiza kwa Import. Faili hilo lina kila pasiwedi ikiwa wazi, mtu yeyote anaisoma kama gazeti. Ukishaingiza lifute na Recycle Bin uimwage. Usijitumie kwa WhatsApp, na wala usilipitishe kwenye ile Desktop ya infok, maana OneDrive bado iko hai pale.

Mkono wa Kazi

Kiongozi njoo PM, elfu thelathini tu nakumalizia kila kitu kwa AnyDesk, naingia kwenye mashine yako nikiwa huku huku.

NgomaDroo

Mwingine huyo na imeili yake 😂

Kiberenge

Mkono wa Kazi asante, nimetoka kwenye mikono ya watu majuzi tu.

Pasiwedi zimehama. Nimezipitisha kwenye flashi, nimefuta kote. Lakini kumezuka jipya. Mama ana vile vikaratasi vya njano vya kwenye skrini, Sticky Notes. Anaandikia madeni ya wateja: fulani kachukua doti mbili, kalipa nusu, atamalizia mwisho wa mwezi. Kwenye akaunti mpya vikaratasi havipo. Nimetafuta Documents yote, hakuna faili kama hilo. Hapa ndoa iko mashakani.

Fundi Mstaafu

Ndiyo maana nikasema ya AppData tutayachagua. Watu wanahamisha vinavyoonekana, na madeni yakawa kwenye kisichoonekana.

Kwanza kwenye akaunti ya mama fungua Sticky Notes mara moja halafu ifunge kabisa, ili folda yake iundwe. Kisha kwenye akaunti yako ya Administrator, mama na infok wote wakiwa wametoka, washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa na uende hapa:

C:\Users\infok\AppData\Local\Packages\Microsoft.MicrosoftStickyNotes_8wekyb3d8bbwe\LocalState

Humo kuna plum.sqlite. Hayo ndiyo madeni. Pembeni yake unaweza kukuta plum.sqlite-wal na plum.sqlite-shm. Chukua yote matatu kwa pamoja, usiache hata moja, maana karatasi za karibuni zinaweza kuwa bado ziko kwenye ile ya -wal hazijaingizwa kwenye faili kubwa. Ukichukua plum.sqlite peke yake utapata madeni ya zamani na kukosa mapya, na hapo ndipo wateja watakapofurahi. Yapesti mahali pale pale upande wa mama, ukubali kubadilisha yaliyopo.

Kiberenge

MKUU. Yamerudi yote, hadi rangi. Mama anasema Fundi Mstaafu apite dukani achague kitenge.

Fundi Mstaafu

Mwambie nimefika kwa sauti. Na awe anayaandika pia kwenye Excel, au angalau daftari.

Sasa OneDrive. Ingia infok mara ya mwisho, bofya kile kiwingu chini kulia, Settings, Account, Unlink this PC. Baada ya hapo mashine yako haizungumzi tena na wingu lake. Hapo ndipo umpigie muuzaji. Nenda dukani kwake, mkae pamoja, aingie kwenye tovuti ya OneDrive kwa imeili yake, afute vitu vyenu na amwage na Recycle Bin ya kule, maana kule nako vitu vilivyofutwa vinakaa kwanza. Na aiondoe laptopu yako kwenye orodha ya vifaa vyake.

Ule ufunguo wa tarakimu 48 bado anao. Settings, Privacy & security, Device encryption, zima. Diski itajifungua taratibu, usiizime mashine. Ikimaliza, ufunguo wake haufungui kitu tena. Ukitaka kuiwasha upya baadaye, fanya hivyo ukijua ufunguo mpya umekwenda wapi.

Mla Mihogo

Na ile akaunti aifute lini? Mi ningefuta leo.

Tausi wa Pwani

La, asubiri. Akae nayo mpaka mama afunge hesabu za mwezi mzima kwenye akaunti mpya bila kukosa kitu. Programu ya risiti yenyewe inaweza kuwa imeweka mafaili yake ndani ya infok. Kiberenge, umejaribu kuchapisha risiti kutoka akaunti ya mama?

Kiberenge

Dada Tausi una jicho. Programu inafunguka lakini orodha ya bidhaa ni tupu.

Tausi wa Pwani

Basi hifadhidata yake iko AppData ya infok. Angalia ndani ya Roaming na Local, tafuta folda yenye jina la programu hiyo au la kampuni iliyoitengeneza. Ikiwa programu imefungwa, kopi folda hiyo moja tu uipeleke mahali pale pale kwa mama. Kuna programu nyingine zinajiweka zenyewe ndani ya AppData\Local\Programs ya mtu mmoja, hizo mtu wa pili hazioni kabisa mpaka aziweke upya. Yako inaonekana imo Program Files, ni bahati.

Kiberenge

Ilikuwa Roaming, folda ina jina la kampuni. Nimekopi, orodha imejaa, risiti ya majaribio imetoka.

Kiberenge

Wakuu mrejesho. Mwezi umepita vizuri na mahesabu yamefungwa. Muuzaji tulikaa naye, aliingia mbele yangu akafuta vyote. Kumbe kwenye wingu lake kulikuwa na vitu vya wanunuzi wengine pia, kila laptopu anayoiandaa anatumia imeili ile ile. Nimemwambia awapigie na hao. Kaahidi.

Akaunti ya infok nimeifuta. Ile ya Control Panel inauliza kama nataka kubaki na mafaili, Keep Files, lakini kwenye orodha ya inavyobakiza sikuiona Downloads, kwa hiyo nilihakikisha kwanza Downloads imehama. Diski sasa ina nafasi ya kutosha baada ya video za zamani kubaki kwenye ile ya nje.

Fundi Mstaafu

Safi. Ila kama hizo video ziko kwenye diski ya TV peke yake, huna bakapu, una nakala moja iliyohama nyumba. Tafuta diski ya pili.

mgeni_wa_juzi

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi sijafungua akaunti mpya, lakini leo nimewasha kompyuta nikaingia kama kawaida nikakuta kila kitu hakipo, na ujumbe pembeni kuwa nimeingia kwa profaili ya muda. Nimeanza kuandika ripoti yangu upya kwenye Desktop hiyo. Nayo inahamishwa kwa njia hizi?

Fundi Mstaafu

Mgeni, simamisha kuandika hapo sasa hivi. Uko ndani ya folda ya TEMP, ukitoka tu Windows inaifuta na ripoti yako. Ihifadhi kwenye flashi kabla hujagusa kingine. Kisha washa mashine upya mara moja au mbili, mara nyingine inatosha. Isipotosha, angalia kama folda yako ya kweli bado ipo ndani ya C:\Users, halafu fungua regedit, sajili ya mipangilio ya Windows, uende HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList uone kama kuna namba ndefu inayoishia na .bak. Usibadilishe kitu. Piga picha, fungua uzi wako mwenyewe na uiweke hapo, tutakuja.